Cheche za Ruiru: Msimu wa Timu ya Chuo Ukitazamwa Kutoka Ngoliba

Kama umekaa jikoni ukichambua maharagwe, kama uko ndani ya matatu inayotoka Thika kuelekea upande wa Garissa, au kama ndiyo sasa unaingiza ng'ombe zizini, sogeza redio karibu kidogo. Leo tunazungumzia mpira wa kikapu. Tunazungumzia wasichana wa chuo na msimu wao wa mashindano. Na tutauangalia msimu huo kutoka hapa Ngoliba.

Pengine kuna mzee anayeuliza: mpira wa kikapu na Ngoliba, wapi na wapi? Ngoliba ni Thika Mashariki, Kaunti ya Kiambu. Ukitoka mjini Thika unayapita mashamba ya mananasi, kisha Mlima Kilimambogo unaanza kukusogelea. Huku mpira ni kandanda. Jioni ikifika, wavulana wanaweka mawe mawili huku na mawili kule, mechi inaanza.

Na wasichana je? Wasichana wana michezo yao. Wanaruka kamba. Wanacheza kati. Kina mama mnaotusikiliza, mnaikumbuka kati? Mpira umetengenezwa kwa soksi kuukuu na karatasi za nailoni, umefungwa kwa uzi ukabana. Wawili wanasimama pembeni, mmoja huku na mwingine kule, wanarushiana. Aliye katikati anakwepa: anainama, anageuka, anaruka, macho hayabanduki kwenye mpira. Akiguswa, ametoka.

Sasa shika hilo la kati, tutalirudia. Maana miguu ile inayokwepa mpira wa soksi ndiyo miguu anayoitafuta kocha wa mpira wa kikapu.

Twende Ruiru. Kutoka Ngoliba unapanda gari hadi Thika, kutoka Thika unashika barabara kuu ya kwenda Nairobi, unaipita Juja. Huko Ruiru kuna Chuo Kikuu cha Zetech. Taasisi hii ilianza mwaka 1999 ikiwa chuo cha kawaida, ikakua hadi ikawa chuo kikuu. Timu yake ya wanawake ya mpira wa kikapu inaitwa Zetech Sparks. Jina hilo maana yake ni cheche, cheche za moto. Kocha ambaye jina lake limeenda pamoja na timu hii ni Maurice Obilo.

Cheche hawa hawachezi na vyuo vingine peke yake. Miaka hii ya karibuni wamekuwa katika Ligi Kuu ya wanawake ya Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Kenya. Ni Ligi Kuu, wasikilizaji. Humo wanakutana na vyuo vingine, ndiyo, lakini wanakutana pia na Mamlaka ya Bandari, KPA, kutoka Mombasa. Wanakutana na Equity, timu ya benki. Hizo ni timu ambazo nyuma yake kuna mwajiri. Ni timu za wanawake waliokomaa, wengine wamevaa jezi ya taifa mara nyingi. Upande wa pili anasimama mwanafunzi ambaye Ijumaa alikuwa na jaribio la hesabu za biashara.

Ukilielewa hilo, umeelewa jambo tunalotaka kulisema leo, na tutalisema zaidi ya mara moja. Msimu wa timu ya chuo usiupime kwa kombe peke yake. Upime kwa wasichana wanaoingia na wasichana wanaotoka: waliingia wakiwa nani, na wametoka wakiwa nani.

Tutagawanya mazungumzo yetu mafungu matatu. La kwanza, msimu wenyewe unaendaje. La pili, msimu umezaa nini. La tatu, Ngoliba inaingia wapi. Twende polepole.

Fungu la kwanza, msimu unavyokwenda. Mkulima wa huku anajua kwamba msimu hauanzi siku ya kuvuna. Unaanza shamba likiwa kavu, jembe likiwa mkononi, mvua ikiwa bado ni habari tu. Msimu wa timu nao huanza kabla ya filimbi. Huanza alfajiri, mbio za kujenga pumzi, chuo kizima kikiwa kimelala. Mchana ni darasani. Jioni ni uwanjani tena: kudunda mpira kwa mkono wa kulia, kudunda kwa mkono wa kushoto, kutoa pasi, kurudi nyuma kukaba. Hakuna watazamaji, wala anayepiga makofi.

Halafu ligi inafunguliwa, na wikendi zinabadilika. Mwanafunzi mwenzake akienda nyumbani kufuliwa nguo na mama, mchezaji anapanda basi la chuo. Leo mechi iko Nairobi, labda katika ukumbi wa Uwanja wa Nyayo. Wikendi nyingine iko Mombasa, katika ukumbi wa Makande, nyumbani kwa KPA. Hebu fikiria safari hiyo. Kilomita karibu 500 kutoka Nairobi. Unafika kwenye joto ambalo mwili wa mtu wa Kiambu haulijui, jezi imelowa kabla mechi haijaanza, na ukumbini mashabiki wanawaimbia wenyeji wao. Unacheza dakika 40, robo nne za dakika 10 kila moja. Unarudi. Jumatatu asubuhi mhadhiri anaita majina.

Kuna jambo dogo katika hesabu ya mchezo huu ambalo wengi hawalijui, nalo ni zuri. Katika kandanda ukishindwa hupati kitu. Katika mpira wa kikapu, kwa kanuni za kimataifa, anayeshinda anapata pointi 2 kwenye msimamo wa ligi, na anayeshindwa anapata pointi 1. Asiyefika uwanjani kabisa ndiye anayeondoka na sufuri.

Umeisikia hiyo? Ukija ukashindwa, unapata pointi moja. Usipokuja, huna kitu. Kwa timu yenye fedha hilo ni jambo la kanuni tu. Kwa timu ya chuo lina uzito mwingine, kwa sababu kufika kwenyewe ni kazi. Basi linahitaji mafuta. Mchezaji mmoja ana mtihani asubuhi hiyo hiyo. Mwingine kifundo cha mguu kimevimba. Mwisho wa muhula mitihani na ligi vinagongana, na kocha anaanza kuhesabu: tuko wangapi? Kanuni zinaruhusu wachezaji 12 kwenye orodha. Siku nyingine wanaofika ni wanane au tisa. Wanane hao wanavaa, wanapasha misuli moto, wanacheza.

Baadaye inakuja hatua ya mchujo. Sasa timu nyingi zimekwenda nyumbani, zimebaki chache. Hapo timu mbili hukutana tena na tena, na anayetangulia kushinda mechi zinazotakiwa ndiye anayesonga mbele. Hapo hakuna kubahatisha. Unaweza kumshtukiza mkubwa mara moja. Kumshtukiza mara tatu ni kazi nyingine kabisa, kwa maana keshokutwa anakuja akiwa ameshakusoma.

Tusogee karibu kidogo, tumwangalie mchezaji mmoja kwa sekunde tano tu. Tuseme ni robo ya nne, timu zimefungana, na saa ya ukumbini inakaribia kuisha. Msichana wa chuo amechezewa vibaya, refa amepiga filimbi. Timu pinzani imekwisha kufanya makosa manne katika robo hiyo, kwa hiyo kosa hili la tano linampa mitupo huru miwili. Anatembea hadi kwenye mstari. Ubao uko mbele yake, mita 4.6. Pete iko juu, mita 3.05 kutoka sakafuni, ile ile ya wanaume, haikushushwa hata kidogo. Mpira alioushika ni wa saizi ya 6, mdogo kidogo kuliko wa wanaume. Refa akishampa mpira, ana sekunde tano.

Anaudunda mara mbili. Anafuta kiganja kwenye kaptura. Pembeni ya ukumbi wanapiga viti ili wamvuruge. Anainua macho, anakunja magoti, na hapo ndipo ungejua kama zile alfajiri zilikuwa za kweli, kwa sababu mtupo huru hutoka magotini. Mkono unamalizia tu. Magoti yakiwa yamechoka, mpira unakuwa mfupi, unagonga pete kwa mbele na kurudi. Mchezaji anayerusha mitupo mia jioni, akiwa amechoka, amebaki peke yake na taa moja, anaizoesha miguu ifanye kazi wakati haitaki.

Basi hilo ni fungu la kwanza. Msimu ni alfajiri, ni basi, ni mitihani, ni kufika. Twende la pili.

Fungu la pili: msimu umezaa nini? Hapa kuna jina ambalo wasichana wa Ngoliba wanapaswa kulijua kama wanavyojua majina ya wanariadha wetu. Madina Okot.

Madina ni binti wa Mumias, magharibi mwa Kenya. Ni mrefu, karibu mita mbili kamili. Mnajua mambo ambayo binti mrefu husikia. Akipita, watu wanageuka. Akiingia kwenye matatu, anakunja shingo. Dukani sketi ya shule haimfikii magoti. Wengi wa mabinti wa kimo hicho hujifunza kutembea wameinama, kama wanaomba radhi kwa urefu waliopewa na Mungu. Mpira wa kikapu una nafasi iliyowekwa kwa ajili yao. Inaitwa senta. Kazi yake ni kusimama karibu na kikapu, kufunga, kuzuia, na kuukamata mpira unaporudi kutoka kwenye pete. Huko kuukamata ndiko tunakoita ribaundi.

Madina hakulelewa na mchezo huu tangu utotoni kama watoto wa Marekani wanavyolelewa. Aliukuta akiwa tayari msichana mkubwa. Akaja Zetech, akavaa jezi ya Sparks, akacheza ligi hii tunayoizungumzia, na kina dada hawa hawa wa bandari na wa benki wakimsukuma kifuani kila wikendi. Hapo ndipo alipofundwa. Mwaka 2024 akaondoka Ruiru kwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Mississippi State.

Wasikilizaji, ligi ya vyuo ya Marekani kwa wanawake si mchezo. Kuna wasichana huko walioanza kufundishwa wakiwa na miaka mitano. Katika msimu wake wa kwanza, binti wa Mumias alikuwa na wastani wa pointi 11 hivi kwa mechi, na ribaundi zaidi ya tisa. Machi 2025 timu yake iliingia mashindano ya kitaifa ya vyuo, ikaishinda timu ya Chuo Kikuu cha California katika mechi ya kwanza, kisha ikasimamishwa na Chuo Kikuu cha Southern California, USC, mjini Los Angeles. Mwaka huo huo wa 2025 akahamia Chuo Kikuu cha South Carolina. Na South Carolina ni nyumbani kwa nani? Kwa kocha Dawn Staley, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mara tatu akiwa mchezaji, na ambaye ameiongoza South Carolina kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2017, 2022 na 2024.

Kutoka Ruiru hadi huko. Tena si yeye peke yake aliyevuka bahari kwa mpira huu. Felmas Koranga, Mkenya mwingine, alicheza Chuo Kikuu cha Troy, jimbo la Alabama, akarudi kuichezea timu ya taifa, Lionesses, katika mashindano ya Afrika ya mwaka 2021 jijini Yaoundé. Lionesses walikata tiketi ya Yaoundé mwezi Julai mwaka huo kule Kigali, walipoishinda Misri katika fainali ya kanda yetu ya tano. Na kabla ya hao walikuwapo kina mama waliotangulia. Mwaka 1994 Kenya ilipeleka timu ya wanawake kwenye Kombe la Dunia, Australia. Mwaka 1997 Nairobi iliandaa ubingwa wa Afrika wa wanawake. Kwa hiyo mtu akikwambia mpira wa kikapu wa wanawake ni jambo la juzi, mwambie hapana. Ni urithi, nao una miaka.

Na mchezo wenyewe ulianzia wapi? Sikilizeni hili, litawafaa kwenye fungu la tatu. Desemba 1891, mwalimu mmoja anayeitwa James Naismith, mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, alikuwa na vijana waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Alitafuta masanduku akakosa, akaletewa vikapu viwili vya kuchumia matunda ya pichi. Akavipigilia kwenye roshani ya ukumbi, kimoja kila upande. Mpira ukiingia, mtu alipanda ngazi kwenda kuutoa. Ndiyo maana mpaka leo tunasema kikapu. Haikupita miaka mitano, wasichana walikuwa wamekwisha kuuchukua mchezo. Aprili 1896, jijini San Francisco, vyuo viwili vya California vilikutana, Stanford na Berkeley. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia kutazama. Stanford ilishinda, mbili kwa moja. Mchezo mzima, pointi tatu! Leo timu inayofunga pointi tatu katika robo nzima inaitwa pembeni ikaulizwe kuna nini. Lakini wasichana wale walifika uwanjani.

Turudi kwa Cheche. Tumesema msimu upimwe kwa wanaoingia na wanaotoka. Je, mnaona ugumu uliofichika hapo? Madina anapoondoka, nani anasimama chini ya kikapu? Timu ya mwajiri inaweza kukaa na nyota wake miaka kumi. Timu ya chuo ina miaka minne, pengine pungufu. Mchezaji akishaiva, anahitimu. Anavaa joho, anapiga picha na mama yake, na Jumatatu kocha anaanza upya na msichana ambaye bado hajui kukaba bila kumshika mwenzake mkono. Mara nyingine yule aliyehitimu anaajiriwa na timu kubwa, na msimu ujao anarudi uwanjani akiwa amevaa jezi ya upinzani. Anakumbatiana na wadogo zake, kisha anawafunga.

Hilo si la kulalamikia. Ndiyo kazi ya chuo. Lakini maana yake ni kwamba timu ya namna hii haiwezi kukaa ikijitazama yenyewe. Kila mwaka inahitaji wasichana wapya, na wasichana wapya hutoka mahali fulani. Hutoka shule za upili zenye jina katika mchezo huu, kama Kaya Tiwi kule Kwale au Buruburu kule Nairobi. Je, hawawezi kutoka na Thika Mashariki?

Hapo tumeingia fungu la tatu, na hili ni letu. Ngoliba inaingia wapi?

Tuanze na mama mwenye binti. Binti ana miaka kumi na mitatu, ni mrefu kuliko kaka yake, anacheza kati hadi giza linaingia. Mwalimu anamwambia mama: mwache mtoto abaki mazoezini. Mama ana hofu, na hofu ya mama haidharauliwi. Nani atamsindikiza jioni? Maji nani atachota? Ataumia? Maswali haya yana majibu, lakini majibu lazima yatolewe na watu wazima, si na mtoto. Mazoezi yakiisha saa kumi na moja badala ya saa kumi na mbili, wasichana wanafika nyumbani kabla ya giza. Wakitembea kwa kundi, hakuna anayebaki nyuma. Mwalimu mmoja wa kike akiwapo uwanjani, mzazi analala usingizi.

Kuhusu kuumia, tuseme ukweli. Wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka ghafla huumia kano za goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Hilo madaktari wanalijua. Wanajua pia kwamba mazoezi ya kuimarisha mapaja, na kumfundisha mtoto kutua baada ya kuruka, magoti yamekunjwa na hayakuingia ndani, yanapunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Hayahitaji mashine. Yanahitaji robo saa na mwalimu anayejua.

Na walimu wako wapi? Wako mlangoni petu. Chuo cha Ualimu cha St. John's Kilimambogo kimekaa upande huu huu wetu wa Thika. Vyuo vya ualimu vya Kenya vina mashindano yao ya michezo ya mpira, na kikapu kimo. Mwanachuo anayecheza pale leo, kesho ni mwalimu katika shule ya msingi. Akienda na filimbi na mpira mmoja, shule nzima inapata mchezo. Je, shule zetu zimewahi kupiga hodi Kilimambogo kuomba wanachuo waje Jumamosi kuwafundisha watoto? Hodi haina gharama.

Kuna jambo jingine ambalo mzazi asilipuuze. Katika mtaala huu mpya, sekondari ya juu iliyoanza na darasa la kumi mwaka 2026 ina njia tatu, na moja ya njia hizo ni sanaa na sayansi ya michezo. Yaani mtoto akisema anataka kusomea michezo, hasemi upuuzi. Anataja njia ambayo serikali yenyewe imeiandika. Na mashindano ya shule za upili ya mpira wa kikapu huchezwa muhula wa kwanza. Kwa hiyo shule inayosubiri hadi Januari ndipo itafute mpira, imechelewa. Shamba linatayarishwa kabla ya mvua.

Sasa vifaa. Hapa watu hukata tamaa mapema. Wanafikiri uwanja ni sakafu ya mbao inayong'aa kama ya Nyayo, wakati Naismith mwenyewe alianza na vikapu vya matunda. Uwanja rasmi, ndiyo, una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Lakini mtoto wa kujifunza hahitaji mita 28. Anahitaji pete moja na ardhi iliyoshindiliwa vizuri. Pete ni nini? Ni duara la chuma lenye kipenyo cha sentimita 45. Fundi wa jua kali anayechomelea milango na madirisha mjini Thika anaweza kuikunja na kuichomelea kabla chai ya saa nne haijapoa. Ubao, mbao ngumu zilizopigwa rangi nyeupe. Nguzo, bomba la chuma au gogo lililonyooka. Jambo moja tu la kuangalia kwa makini: urefu. Mita 3.05 kutoka ardhini hadi kwenye pete. Usiishushe kwa kuwa ni wasichana. Watoto wadogo wa darasa la tatu waweza kuwekewa ya chini ya kuzoea, sawa. Lakini binti wa miaka kumi na minne apewe urefu ule ule atakaoukuta Ruiru.

Udongo nao una tabia yake. Mpira haurudi vizuri kwenye ardhi laini. Utadunda hapa, uende kule. Wachezaji wengi wa Kenya walianzia kwenye viwanja vya namna hiyo, na ukikosea mdundo unajifunza kutoa pasi haraka. Na miguu? Miguu ipo. Imefundishwa na kati. Msichana aliyemkwepa mrushaji wa mpira wa soksi kwa miaka sita anajua kugeuka, anajua kusoma mkono wa mwenzake kabla mpira haujatoka. Kocha hamfundishi hilo. Anamwonyesha tu pete iko wapi.

Turudie basi kwa ufupi, kwa ajili ya waliojiunga nasi sasa hivi. Tumesema kwamba Ruiru, jirani zetu, wana timu ya wasichana wa chuo, Zetech Sparks, inayocheza Ligi Kuu na timu kubwa za bandari na benki. Tumesema msimu wao ni kazi ya alfajiri, ya safari na ya mitihani, na kwamba katika msimamo wa ligi anayefika na kushindwa ana pointi moja, asiyefika hana. Tumesema kutoka timu hiyo alitoka Madina Okot, binti wa Mumias, hadi South Carolina. Na tumesema timu ya chuo huwapoteza wachezaji wake kila mwaka kwa kuwa wanahitimu, kwa hiyo kila mwaka inatafuta wengine.

Inawatafuta, wasikilizaji. Hiyo ndiyo habari njema ya jioni hii. Mahali pako wazi.

Wazazi na walimu wa Ngoliba, Gatuanyaga na kule Kilimambogo, mkipata nafasi wikendi moja ligi ikiwa inaendelea, chukueni wasichana kumi hivi, pandeni gari, muwapeleke wakaone mechi. Wakae karibu na uwanja. Wasikie viatu vinavyolia kwenye sakafu, wamwone kapteni anavyowaita wenzake kabla ya mtupo. Wamwone mchezaji wa kimo chao. Mkirudi, waulizeni kwenye gari wameona nini, halafu mnyamaze muwasikilize.

Na kwa fundi yeyote anayetusikia akiwa kwenye kibanda chake: andika pembeni ya daftari lako la kazi. Kipenyo sentimita 45. Urefu mita 3.05. Mwalimu wa michezo anaweza kupita Jumatatu.